Jukwaa gani la kuunganisha data kati ya stoo, hesabu na malipo ya M-Pesa?

Msimamizi wa Mifumo, Mombasa
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninasimamia mifumo ya kampuni moja inayosambaza vyakula hapa Mombasa. Stoo na mauzo yamo kwenye Odoo, vitabu vya hesabu viko kwenye Tally, na wenye maduka wengi hulipa kwa M-Pesa. Tumekuwa tukihamisha data kwa Talend Open Studio, ambayo ilisitishwa tarehe 31 Januari 2024, kwa hiyo hatuna budi kuhama. Nimepima majukwaa ya kulipia ya MuleSoft na Boomi, nikaziona ni imara, ila ada zake za mwaka ni mzigo mkubwa kwetu. Nimejaribu pia Apache NiFi na n8n, ambazo tunaweza kuziweka kwenye seva yetu wenyewe. Tuko wawili tu idarani, na mwenye kujua lugha ya programu ya Java ni mimi peke yangu. Mngechagua lipi, na kwa nini?

Fundi Data
Ndugu, kabla ya jukwaa, amueni kwanza ni mfumo upi wenye kauli ya mwisho juu ya kila taarifa: nani anamsajili mteja, nani anapanga bei, nani anafunga deni. Sisi hatukufanya hivyo. Tulikuta mwenye duka mmoja ana akaunti tatu, kwa sababu namba yake ya simu iliandikwa mara kwa 07, mara kwa 254, mara kwa +254, na hakuna programu ambayo ingetuamulia kuwa hao watatu ni mtu mmoja.

Jambo la pili ni kurudiwa kwa ujumbe. Siku moja mtandao ulikatika baada ya mfumo wa hesabu kupokea malipo, lakini kabla programu yetu haijapata jibu. Programu ikatuma tena, na deni la mteja likapunguzwa mara mbili. Mhasibu aliligundua mwisho wa mwezi, akikagua daftari mstari kwa mstari. Tangu hapo, msimbo wa muamala wa M-Pesa ndio ufunguo wetu: ukiwa tayari umo kwenye vitabu, ujumbe wa pili haupokelewi.

Kwa sababu hiyo mimi ningechagua NiFi. Unaiona kwa macho foleni kati ya hatua moja na nyingine, unajua ni kumbukumbu ngapi zimekwama na wapi, na unaweza kufuatilia safari ya kumbukumbu moja tangu ilipoingia, hata kuirudisha ipite tena maadamu historia yake bado haijafutwa. Inahitaji seva yenye RAM ya kutosha, na kujifunza kwake kutawachukua muda.

Mama Ankara
Naheshimu maoni ya Fundi Data, lakini kwa watu wawili naona n8n inatosha. Leseni yake inaruhusu matumizi ya ndani ya biashara, na mwenzako asiyejua Java ataweza kuusoma mtiririko wa kazi na kuurekebisha siku ambayo wewe unaumwa. Hofu yangu kubwa ni hiyo, kuliko kasi.

Pia, ankara za eTIMS, yaani za kielektroniki zinazotumwa kwa Mamlaka ya Mapato (KRA), zitoke kwenye mfumo mmoja tu, la sivyo mauzo yenu na yale yaliyofika KRA hayatalingana. Na mkitumia huduma yenye seva nje ya nchi, kumbukeni kuwa namba za simu za wateja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Msimamizi wa Mifumo, Mombasa
Nawashukuru nyote. Tutaanza kwa kusawazisha namba za simu ndani ya Odoo, kisha tupitishe malipo ya mwezi mmoja kwenye NiFi na n8n kwa zamu, tukichomoa waya wa mtandao katikati ya kazi. Mwenzangu ndiye atakayeyatafuta malipo yaliyokwama, bila msaada wangu.