Naomba ushauri: albamu za sasa zenye ladha ya sinthesaiza za miaka ya 80

Wakuu, habari zenu. Wanaofuatilia muziki huu wa sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki) naombeni mnisaidie, nimekwama.

Nilianza na After Hours ya The Weeknd (2020), nikarudi nyuma hadi The Bones of What You Believe ya Chvrches (2013). Hii ya pili ndiyo imeniteka: sinthesaiza zinasimama kama ukuta, halafu sauti nyembamba ya mwimbaji wao, Lauren Mayberry, inapenya katikati bila kumezwa. Nimejaribu pia OutRun ya Kavinsky (2013). Midundo safi, ila uimbaji mchache mno kwangu. Programu ya muziki nayo nikiiachia ichague, inanimwagia ala tupu, utadhani kila msikilizaji yuko barabarani usiku wa manane!

Mimi nataka waimbe mwanzo mwisho, na ile ngoma ya mashine inayolia "pah!" kisha mwangwi wake unakatika ghafla.

Sasa, ni albamu gani ya kuanzia 2010 kuja huku naweza kuisikiliza nzima bila kuruka wimbo? Na nikitaka kujua chimbuko la muziki huu, kwa makundi ya miaka ya 80, nianze na Depeche Mode au Pet Shop Boys?

Natanguliza shukrani.