Mkutubi Mwanza: nibaki kwenye fani au nikafungue steshenari?

Rafu_za_Nyegezi:
Habari za jioni wanajamvi. Nipo maktaba ya chuo kimoja hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Nilisomea SLADS, chuo cha ukutubi Bagamoyo, namba za Dewey za kupanga vitabu rafuni nazijua kama sala. Siku hizi wanafunzi wanaingia kuchaji simu na kukimbia jua. Wiki iliyopita bosi kapita na futi anapima ukumbi, eti rafu zipungue ziwekwe kompyuta, maana "kila kitu kipo Google". Nina miaka 38 na mtoto wa darasa la saba. Nirudi shule kusomea IT, au? Matusi waachieni wa siasa.

Sato_wa_Mwaloni:
Steshenari mkuu. Hela ya fotokopi hailali njaa.

Mwl_Buswelu:
Mwezi uliopita umetoka nyuma ya kaunta mara ngapi kumfuata mtu mwenye shida? Sikushambulii, nauliza tu.

Rafu_za_Nyegezi:
Mwalimu umenigusa. Labda mara mbili.

Nesi_Mkerewe:
Ngoja nikupe yangu. Nilikuwa naandika utafiti wa kichocho kwa wavuvi. Nikaiomba ChatGPT marejeo, ikanipa makala nane, waandishi, juzuu, kurasa, zimekaa kama za kweli. Msimamizi akasema niletee zenyewe nizisome. Nne hazipo duniani! Nilitaka kulia.

Mkutubi wetu, mama mmoja mpole sana, ndiye aliyeniokoa. Akaniuliza: kichocho kipi? Huku ziwani kilichozagaa ni cha tumbo, kwa hiyo akaniambia niandike Schistosoma mansoni, jina la kitaalamu la minyoo yake, niongeze Ukerewe au Sengerema, nitafute PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za makala za tiba. Zilizotaka kulipiwa tukaingia Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002 ambapo vyuo vya nchi kama yetu vinasoma majarida bure au kwa bei ndogo. Chuo kilikuwa kimejisajili na sisi hatujui! Bure kabisa, na mimi nimemaliza bando.

Rafu_za_Nyegezi:
Hinari naijua dada. Hakuna anayeniuliza.

Mwl_Buswelu:
Watakuulizaje kitu wasichojua kipo? Nenda kwa mhadhiri wa mbinu za utafiti, omba dakika 40 kabla wanafunzi hawajaanza kuandika mapendekezo ya utafiti. Usiwafundishe Dewey, watasinzia. Waambie walete marejeo waliyopewa na AI, myakague pamoja ukutani kwa projekta. Wakishaona moja halipo, utawapata wote.

Halafu uwe na daftari: nani kaja, alitafuta nini, alipata au hakupata. Bosi akirudi na futi, mpe daftari asome.

Kamanga_Feri:
Na katalogi ihamie Koha. Programu ya bure, ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba. Mwanafunzi anatafuta kitabu akiwa hosteli. Kama mna wanaosoma uvuvi au kilimo, ulizia na AGORA ya FAO, shirika la chakula na kilimo la UN, ni ndugu yake Hinari. IT ya namna hiyo unaijifunza hapohapo kazini, ada ya chuo mlipie mtoto.

Sato_wa_Mwaloni:
Mimi bado nasema steshenari.

Rafu_za_Nyegezi:
Sato acha hizo 😂 Jumatatu naonana na mhadhiri. Nesi, naomba ruhusa niwape mfano wa makala zako nne.

Nesi_Mkerewe:
Wape. Jina tu usitaje, yule msimamizi bado tunakutana kwenye daladala.