Tupeane uzoefu: kutembelea bwawa wakati wa kiangazi, Tabora

Ndugu zangu, kiangazi kimeshika na vijana wanapanga safari za bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji wetu, kupunga upepo na kuvua samaki. Naomba waliowahi kutembelea bwawa lolote la nchi kame watueleze waliyoyakuta.

Mimi naanza na ukingo wa maji. Mvua zikishakoma, bwawa huendelea kutumiwa na watu na kunyonywa na jua, kwa hiyo maji hurudi nyuma na kuacha tope ambalo juu limekauka na kupasukapasuka, ilhali chini bado ni laini. Mwanangu wa pili alizama hadi magotini, na kiatu kikabaki humo humo. Siku hizi tunapita tu pale ambapo kwato za ng'ombe zimechapa juu juu, kwa kuwa palipombeba ng'ombe patambeba mtoto.

*

Ahsante, kaka. Nilipokuwa Marekani wenyeji wangu walinipeleka Lake Mead, karibu na Las Vegas, ziwa lililotokana na kuzuiwa kwa mto Colorado kwa bwawa la Hoover katika miaka ya 1930. Lile ni jangwa hasa. Miamba inayolizunguka ina mkanda mpana mweupe wa madini unaoonyesha maji yalipokuwa zamani, na mwaka 2022 yalishuka kuliko wakati wowote tangu ziwa lilipojazwa, hata baadhi ya njia za kushushia boti zikafungwa. Kivuli hakuna. Tulianza matembezi alfajiri, kila mtu na maji yake ya kunywa, na kabla ya saa nne tulikuwa tumerudi. Utaratibu huo ningeushauri hata Igombe mwezi wa Oktoba.

*

Shikamooni. Mimi ni muuguzi, na jambo linaloniuma ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa penye majani kandokando ya maji yaliyotulia, kisha hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Wapwa zangu waliogelea bwawani wakati wa likizo, na baadaye mmoja akaanza kukojoa damu. Tulimpima, akapewa dawa ya prazikwanteli, akapona. Tafadhali msingoje dalili, wapelekeni watoto wakapimwe.

Tena tukumbuke kwamba kabla ya maji ya Ziwa Victoria kutufikia, mji huu ulinywa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima. Nawasihi wanaokwenda wasioshee magari pale, na nepi za watoto warudi nazo nyumbani.