PS4 Pro ya mtumba, Xbox Series S au niunge kompyuta? Naombeni ushauri wakuu

Kitukuu_wa_Ukerewe (Jumatatu, saa 3:12 usiku)
Wakuu habari za usiku. Niende moja kwa moja kwenye mada. Mwisho wa mwezi kuna hela naitegemea, nataka ninunue kitu cha kuchezea gemu nyumbani. Niko njia panda: PS4 Pro ya mtumba, Xbox Series S, au niunge kompyuta ya mezani taratibu. Napenda gemu yenye stori ndefu, grafiki kali na isiyokwamakwama. Nichukue ipi? Karibuni.

Fundi_Pedi (saa 3:20)
Mkuu umekuja kwa fundi cherehani ukasema "nishonee nguo" ukakaa kimya. Bajeti shilingi ngapi? TV inchi ngapi, na ung'avu wa picha yake ni 720, 1080 au 4K (namba ikipanda picha inakuwa kali zaidi)? Unacheza peke yako au na washikaji? Upo mkoa gani? Leta majibu tuanze.

Mzee_wa_Kontena (saa 3:21)
PS4 Pro. Uzi ufungwe.

Mla_Bando (saa 3:34)
Uzi haufungwi kirahisi hivyo mzee, ila kwa hili niko na wewe. Series S haina sehemu ya kuingiza diski. Maana yake kila gemu utaishusha kwa bando lako. Red Dead Redemption 2 peke yake inapita GB 100. Na diski ya ndani ya ile ya kawaida ni GB 512, mfumo ukishachukua chake unabaki na kama 360. Gemu kubwa tatu, nne, umejaza, unaanza kufuta. Mwenye PS4 ananunua diski, anamaliza, anaenda dukani kubadilishana kwa nyongeza kidogo. Mimi diski moja nimeizungusha mpaka nimecheza gemu sita.

BintiTanga87 (saa 3:50)
Mnagombania mashine wakati mwenye uzi hajasema anapenda nini. "Stori ndefu" ndefu kiasi gani? Mimi Assassin's Creed Valhalla nilikomaa nayo hadi mwisho, masaa sitini na ushee. Kufikia la thelathini na tano nilikuwa navamia ngome ileile yenye jina jingine. Nilimaliza kwa ubishi tu, kama mtu anayemaliza ugali wa baridi kwa sababu ameshaunawia. Halafu nikachukua Mirage, ile ya 2023, ya Baghdad. Kama masaa kumi na tano imekwisha, na mpaka leo nikifumba macho naona zile paa na vichochoro. Urefu siyo utamu.

Mzee_wa_Kontena (saa 3:58)
Dada, hayo ni maneno ya mwenye hela. Mimi nikitoa elfu themanini kwenye gemu halafu niimalize Jumamosi na Jumapili, Jumatatu nitalia. The Witcher 3 nimeinunua mara moja tu. Stori kuu masaa hamsini, ukifuata na vijinjia unapita mia. Na vijinjia vyenyewe vina akili. Mwanzoni kabisa kuna bibi anakuomba umtolee kikaango chake kilichofungiwa kibandani. Kikaango tu! Unaingia, unakuta mambo mengine kabisa. Ndiyo maana ya urefu huo.

BintiTanga87 (saa 4:05)
Sasa hapo unanisaidia mimi. Umekumbuka kikaango, hukukumbuka masaa mia.

Mzee_wa_Kontena (saa 4:07)
😂 Haya, hiyo moja chukua.

PwaniKwetu (saa 4:31)
Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu. Naona hakuna aliyegusa hiyo "isiyokwamakwama", na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko urefu na kuliko urembo wa picha. Gemu ikienda freimu 30 kwa sekunde, kila picha inakaa machoni milisekunde 33. Ikienda 60, ni kama 17. Ukibonyeza kitufe cha kukwepa upanga, tofauti hiyo mkono unaijua kabla ya jicho. Lakini 30 iliyotulia si mbaya. Mbaya ni ile inayopanda na kushuka, mara 30, mara 22, mara 27. Hiyo ndiyo watu wanaita kukwama.
PS4 gemu nyingi za stori zimefungwa 30. Mpira ndio unakimbia 60 mechi ikichezwa. Mkinionjesha God of War ya 2018 kwa 30 sasa hivi sirudi nyuma, nimeshazoea kuiona kwa 60 kwenye PS5.

Mla_Bando (saa 4:36)
PS5 haipo kwenye swali mkuu.

PwaniKwetu (saa 4:38)
Haipo kwenye swali lakini ipo duniani. Na GTA VI haitengenezwi kwa PS4. Mtu anayenunua leo afikirie hilo.

Mkongwe_wa_Buza (saa 4:55)
Ngoja niwape kisa, maana naona watu wanasema "PS4 ya mtumba" kama wanasema mkate.
Nilinunua moja kwa jamaa aliyeniambia imetoka Dubai, imetumika miezi mitatu. Dukani aliiwasha, akaweka mpira, tukacheza dakika kumi, safi. Nikalipa. Nyumbani nikaweka Red Dead, ile yenye diski mbili, moja ya kupakia na moja ya kuchezea. Baada ya nusu saa feni ikaanza kunguruma. Siyo mlio wa feni, ni mashine ya kusaga. Mke wangu akatoka chumbani kuuliza nani kawasha blenda saa tano usiku. Nikaipeleka kwa fundi, kuifungua, vumbi limeganda kama sufi, ile pesti ya kupoza ya juu ya prosesa imekauka imekuwa chaki, na skrubu mbili hazipo. Miezi mitatu gani hiyo?
Akasafisha, akaweka pesti mpya, ikatulia. Nikarudi kwenye maisha yangu. Nikaanza Witcher, nikafika masaa themanini na kitu, nipo visiwani Skellige, umeme ukakatika gemu ikiwa inaseviwa. Uliporudi, mashine ikasema diski ya ndani ina hitilafu. Ikajitengeneza dakika arobaini, ikashindwa, ikaomba ifutwe yote. Masaa themanini. Sikuwa na nakala popote, maana nilikuwa silipii huduma ya kuhifadhi onlaini, na wazo la kunakili kwenye flashi halikuwahi kunijia.
Muuzaji nilimpigia, akasema "kaka hiyo ni umeme siyo mashine". Akazima simu. Witcher sijaigusa tena. Nikiona hata picha ya yule farasi naumwa tumbo.

Fundi_Pedi (saa 5:02)
Pole mkuu. Ila na wewe, flashi bei gani? PS4 inakuruhusu kunakili sevu kwenye USB bure. Kwa anayesoma: ukienda kununua mtumba usikubali kuonyeshwa dakika kumi za mpira. Weka gemu nzito, kaa saa nzima, sikiliza feni, chomeka na kuchomoa HDMI, jaribu diski mbili tofauti. Muuzaji akinuna, ondoka.

Kompyuta_Kwanza (Jumanne, saa 2:10 asubuhi)
Mimi nashangaa mmeacha kompyuta. Unachukua mtumba wa ofisini, ile kubwa ya kusimama siyo ile nyembamba, unaweka kadi ya grafiki kama GTX 1650 ambayo nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme kutoka kwenye pawa saplai, unaongeza RAM, umemaliza. Gemu za Steam, lile duka la onlaini la gemu za kompyuta, zinashuka bei kila msimu. Hollow Knight, Stardew Valley (aliitengeneza mtu mmoja, mjue), hizo hata bila kadi zinakwenda, na utacheza mwaka mzima. Na siku hauchezi, unafanyia kazi.

Mzee_wa_Kontena (saa 2:25 asubuhi)
"Umemaliza" 😂😂 Watu wa kompyuta hamjawahi kumaliza. Leo kadi, kesho pawa saplai, keshokutwa draiva. Mtu anacheza mipangilio ya grafiki wiki nzima, gemu yenyewe hajaianza.

Kitukuu_wa_Ukerewe (saa 7:40 mchana)
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Bajeti ni milioni moja na laki mbili, ikizidi kidogo siyo mbaya. Niko Mwanza. TV ni inchi 32.

Fundi_Pedi (saa 7:44)
32 ya 720 au 1080?

Kitukuu_wa_Ukerewe (saa 8:15)
Kwenye boksi imeandikwa HD Ready.

Fundi_Pedi (saa 8:17)
Basi ni 720. Sasa sikiliza: PS4 Pro ilitengenezwa kwa ajili ya TV za 4K. Kwenye hiyo yako utalipia nguvu ambazo kioo hakiwezi kuzionyesha, na utapewa kelele bure, maana Pro inajulikana kwa feni. Chukua PS4 Slim, ile ndogo, inakula umeme kidogo, hela inayobaki nunua diski. Au anza na TV.
Na ingia kwenye mipangilio ya TV uweke hali ya gemu. TV nyingi zinasafisha picha kwanza ndiyo zikuonyeshe, ndiyo maana unabonyeza kitufe mtu anaruka baadaye. Wengi wanalaumu konsoli kumbe TV.

Mla_Bando (saa 8:30)
Hapo kwenye umeme umenikumbusha. Mwenye PS5 kwenye gemu nzito anakula wati 200 hivi, masaa matano uniti moja imekwenda. Slim na Series S ziko chini ya wati 100. Kwa mtu wa LUKU anayebanana na zile uniti 75 za mwezi asivuke, hiyo siyo hesabu ndogo.

PwaniKwetu (saa 8:41)
Huku kwetu tokeni za stima ukizihesabu hivyo hutacheza kitu, utakaa gizani ukiwa na akiba.

Kitukuu_wa_Ukerewe (saa 3:50 usiku)
Asanteni. Nimesahau kusema, nina mtoto wa miezi minne. Nacheza akishalala, saa nne mpaka saa tano usiku, siku tano kwa wiki zikiwa nyingi. Na mara kadhaa naamka katikati kumbeba.

BintiTanga87 (saa 3:52)
Jamani! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza! Masaa matano kwa wiki. Gemu ya masaa sitini ni miezi mitatu, na ukikaa wiki bila kugusa utarudi hujui vitufe wala nani alimuua nani. Kwako wewe gemu fupi. Hiyo God of War ni masaa ishirini, mwezi mmoja umemaliza na baba na mwana wamekuliza. Hongera ya mtoto.

Mzee_wa_Kontena (saa 4:01)
Hongera mkuu. Lakini nabisha: ndefu ndiyo inamfaa. Miezi mitatu hanunui kingine!

Kompyuta_Kwanza (saa 4:10)
Nakubali yaishe kuhusu kompyuta, ila kwa mtu wa kuamkaamka, Series S ina kitu wenzake hawana. Unaiacha gemu katikati ya pambano, unazima, ukirudi unaendelea palepale, na inashika gemu kadhaa kwa pamoja. Inaandika hali ya gemu kwenye diski ya ndani, hivyo hata umeme ukikatika unaikuta. PS4 ukiiacha imelala na umeme ukakatika, unarudi kwenye sevu ya mwisho. Siyo kila gemu inakubali, za onlaini hasa zinagoma, lakini za stori nyingi zinakubali.

Mkongwe_wa_Buza (saa 4:13)
Hiki kitu ningekijua...

Mla_Bando (saa 4:20)
Na bando atanunuliwa na nani? Na mjue Series S ikicheza gemu za kizazi kilichopita haichukui toleo la Xbox One X, ile yenye nguvu, inachukua la One S, ile ndogo yake. Red Dead hapo picha inakuwa na ukungu na freimu ni 30 zilezile.

Fundi_Pedi (saa 4:22)
Kwenye TV ya 720 huo ukungu atauona wapi?

Chipukizi_Igoma (saa 4:40)
Wakuu mnahangaika na nini, achukue PS4 iliyochipiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi icheze gemu za kunakili, gemu thelathini ndani, bure.

Fundi_Pedi (saa 4:43)
Na asiiapdeti milele, na asiingie onlaini, na ikigoma arudi kwa huyohuyo aliyeichipia. Dogo kalale.

Chipukizi_Igoma (saa 4:45)
San Andreas tulicheza PS2 ya kuchipwa na hakuna gemu imewahi kuifikia. Grafiki zile mbovu, ukungu kila mahali, na tulikuwa tunasukumana kwenye benchi kibandani, mia mbili dakika kumi.

PwaniKwetu (saa 4:52)
Mia mbili? Huku tulikuwa shilingi tano mechi moja, anayefungwa anaondoka. PES. Si FIFA.

Mzee_wa_Kontena (saa 4:55)
PES ilikufa siku walipoigeuza eFootball. 2021 walitoa kitu nyuso za wachezaji zinatisha watoto.

PwaniKwetu (saa 4:57)
Hilo siwezi kubisha. Lakini pasi za PES 6, mwanangu, FIFA haijawahi kuzipata mpaka ilipobadilishwa jina.

Mla_Bando (saa 5:03)
Tumeingia kwenye mpira, uzi umeshakufa.

Kitukuu_wa_Ukerewe (Jumamosi, saa 6:20 mchana)
Nimepita madukani leo. Slim nimeiona moja, muuzaji amenikatalia kukaa nayo saa nzima, anasema nitamlia umeme. Nikaondoka kama Fundi alivyosema. Series S nimeambiwa itakuja wiki ijayo. Mama mtoto ameuliza kwa nini tusinunue TV kwanza. Nitaleta mrejesho.

BintiTanga87 (wiki mbili baadaye)
Mrejesho uko wapi?

Mzee_wa_Kontena
Amenunua TV huyo.

Chipukizi_Igoma
Samahani kutoka nje ya mada, kuna mwenye pedi ya PS4 anauza? Ya kwangu analogi ya kushoto inajivuta yenyewe, mchezaji anakimbilia kona muda wote.