Nimelipa laki nane niwe namba moja Google, sasa hata jina la loji yangu halionekani

Wakuu, nina hasira, na uzi utakuwa mrefu kidogo. Mnivumilie.

Nina kijiloji cha vyumba sita hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe. Wateja wangu ni watu wa Dar wanaokuja wikiendi kula samaki na kupumzika, na wazungu wachache wanaopita kuona magofu ya Kaole na Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, kabla hawajaenda mbuga ya Saadani. Maisha yalikuwa yanakwenda. Akaja kijana mmoja, laptop begani, kaongea vizuri mpaka chai ikapoa: "Mzee wangu, mtu akiandika hoteli Bagamoyo, wewe haupo hata ukurasa wa tatu. Nipe miezi mitatu. Namba moja, nakuhakikishia."

Hilo neno "nakuhakikishia" ndilo lilitakiwa linifanye nimsindikize getini. Google wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja. Mimi ningejulia wapi? Nikatoa laki nane kwa mafungu mawili. La pili lilikuwa hela ya kuezeka jiko.

Mwezi wa pili akanitumia skrinishoti, loji iko juu kabisa. Nikafurahi, nikawaonyesha mpaka majirani. Kumbe alikuwa ametafuta jina la loji yangu herufi kwa herufi! Jina lenyewe sijawahi kumsikia mwingine nalo. Umekimbia peke yako, unashangilia umekuwa wa kwanza.

Halafu siku moja akapiga simu mama mmoja wa Kiholanzi. Anauliza kwa upole kama chumba cha kuona Kilimanjaro bado kipo.

Kilimanjaro. Bagamoyo. Dirishani kwangu unaona majahazi na kunguru.

Nikafungua tovuti yangu, mara ya kwanza tangu nilipe (hapo nami nina kosa, nakubali). Nikakuta hivi, naandika kama ilivyokuwa: "Loji bora Bagamoyo ni loji bora ya Bagamoyo kwa wanaotafuta loji bora Bagamoyo, karibu na Kilimanjaro, Serengeti na fukwe za Nungwi." Kaole, yenye msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo, imeitwa "jengo la kisasa lenye huduma zote". Ni dhahiri hakuna binadamu aliyeandika vile, wala hakuna aliyesoma kabla ya kuweka.

Nikamwita mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta. Akashuka mpaka chini ya ukurasa, penye nafasi nyeupe tupu, akaburuta mausi juu yake. Maneno yakaibuka! Mistari na mistari, "hoteli rahisi Bagamoyo hoteli rahisi Bagamoyo", na majina ya hoteli za watu wengine humo humo, yote kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. "Mjomba," akaniambia, "huu ni wizi wa zamani, Google wanaukamata kila siku." Akanionyesha na sehemu nyingine ya ndani ambako jamaa alijaza orodha ya maneno ya kutafutia. Ile Google walishatangaza tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Kwa hiyo kuna hela nimelipia kazi iliyokufa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Lakini kilichonimaliza ni linki. Kwa ninavyoelewa sasa, tangu waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, wanaanza pale Chuo Kikuu cha Stanford, wazo lao lilikuwa kwamba tovuti nyingine ikiweka linki ya kuja kwako, ni kama imekushuhudia. Shahidi akiwa mtu wa maana, unapanda. Basi wajanja wakaanza kununua mashahidi, na Google wakaleta Penguin, badiliko la mfumo wao wa kupanga matokeo, mwezi wa nne 2012 kuwashughulikia. Mimi nimenunuliwa mashahidi mwaka gani? Juzi! Na ni mashahidi gani? Tovuti za kamari za nchi nisizozijua na vidonge vya nguvu za kiume. Loji ya familia, wakuu. Kuna masista huwa wanalala kwangu.

Mpwa alipofanikiwa kuingia kwenye Search Console (sehemu ya Google ya mwenye tovuti kuona hali ya tovuti yake, ambayo ni ya bure, jamaa alinichaji elfu sitini "kuiunganisha") tukakuta onyo limekaa wiki kadhaa. Hilo onyo si la mashine, ni mtu wa Google mwenyewe amekagua na kutuadhibu kwa linki zisizo za asili. Jamaa alikuwa analiona. Kanyamaza kimya.

Ukitafuta jina la loji leo, yanakuja mambo mengine kabisa.

Tiba ipo, si kwamba haipo. Unafuta yale maneno ya kuficha, unaomba linki ziondolewe, zinazogoma unawaambia Google wazipuuze, halafu unaomba wakukague upya na kusubiri. Tatizo ni kwamba domaini, yaani anwani ya tovuti yangu ya .co.tz, jamaa ameisajili kwa jina lake na baruapepe yake. Nikimwomba nywila ananiambia "nipo kikaoni bosi". Kikao cha wiki tatu.

Kinachoniuma zaidi, kazi yenyewe ya halali mpwa kaifanya jioni mbili kwenye kompyuta yake, inasubiri tu pa kuwekwa. Picha zangu zilikuwa nzito, ukurasa unafunguka kwenye simu mpaka mgeni anakata tamaa, na Google wanaisoma tovuti kwa jicho la simu kwanza. Kazipunguza. Kaandika bei, umbali wa kutoka Dar, kama kuna maegesho, samaki anapatikana saa ngapi. Pini ya ramani kaiweka pale pale loji ilipo, bure. Yaani kumjibu mgeni anachouliza, basi.

Mwenye kujua utaratibu wa kurudisha domaini iliyosajiliwa na fundi, naomba aniandikie hapa hapa. Risiti za malipo na meseji zote ninazo.

Jana usiku kanitafuta mwenyewe WhatsApp: "Mzee wangu, kuna kifurushi kipya cha akili bandia, nakuhakikishia." Nimemjibu neno moja, nywila. Tiki mbili za bluu mpaka sasa hivi.