Tupeane uzoefu: sanrufu (dirisha la kwenye paa) inavuja, AC inapuliza joto

Mzee wa Ndeeba: Mvua ya usiku imenitoa kitandani. Nimekuta kapeti upande wa abiria imelowa chapachapa. Gari ni la 1996, na AC yenyewe siku hizi inapuliza hewa ya mdomoni. Fundi mmoja kasema sanrufu, mwingine AC. Nani yamemkuta?

Nakato: Mimi. Nilibadilisha mpira wa sanrufu, hela ikaenda, maji yakabaki. Kumbe mpira hauzuii yote. Yanayopenya hupokelewa na trei, yakashuka kwa vijibomba vya pembeni. Vyangu vilijaa vumbi jekundu limeganda kama udongo wa mfinyanzi. Mimina kikombe cha maji kwenye pembe ya trei, uone kama yanatoka chini ya gari.

Kondakta Mstaafu: Hapohapo. Maji ya AC huja ikiwashwa. Gari limelala limezimwa, AC inahusikaje?

Ssalongo: Mmenikumbusha balaa! Natoka Jinja, mama mkwe kiti cha nyuma. AC imekufa, nikafungua sanrufu. Katikati ya Mabira mvua ikashuka. Nabonyeza kitufe, mota inalia ng'ng'ng', kioo hakisogei. Na mnajua Kiganda: mimi na yeye hatugusani, ni obuko, mikono itatetemeka hadi uzeeni. Mwavuli ninao, nitampaje? Nikaurusha nyuma bila kugeuka. Akaufungua mlemle ndani! Tumepita Lugazi uyoga umechomoza juu ya paa, watoto wanatukimbilia. Mukono fundi akaingiza alen ki, ule ufunguo wa pembe sita, kwenye mota, akaizungusha kwa mkono, kioo kikafunga. Dakika mbili.

Mtu wa Mbale: 😂😂 Alisema nini?

Ssalongo: Hajasema mpaka leo.

Okello: Ushirikina tu. Ungempa mkononi.

Nakato: Ni heshima, si ushirikina. Kwenu hakuna wakwe?

Mzee wa Ndeeba: Jamani, AC yangu!

Okello: Kajaze gesi.

Kondakta Mstaafu: Usijaze! Gesi si petroli, ikipungua kuna tundu. Washa AC usikilize klachi ya kompresa, ile pampu ya gesi, ikigonga "ta!". Kimya? Anza na fyuzi na rilei. Gesi ikiwa kidogo mno, swichi ya presha haiachi kompresa iwake. Ikigonga lakini joto linakuja ukiwa kwenye jam tu, tazama feni ya kondensa, ile inayopoza gesi. Na soma kibandiko chini ya boneti, asije mtu akakuchanganyia gesi ya zamani R12 na R134a.

Mtu wa Mbale: Uza, nunua boda. AC ya bure.

Okello: Vijibomba puliza kwa hewa ya kompresa ya matairi.

Nakato: Upepo huo ukivichomoa ndani ya nguzo za paa utalia. Waya laini, polepole.

Mzee wa Ndeeba: Nimemimina. Mbele kulia maji yametoka, kushoto wapi! Nimepitisha waya wa breki ya baiskeli. Yametoka mabawa ya kumbikumbi, kiganja kizima, kisha maji yakashuka shwaa. AC nimewasha: sijasikia "ta". Ssalongo, ule mwavuli bado unao?