Ulaya ilishakataza moteri za zamani, huku Lubumbashi bado zinauzwa: ninunue ipi?

mwana_katuba

Jambo bayaya na bandugu, naomba shauri mbele nitoe mafranga. Tuko na mashini ya kusaga mahindi huku Katuba, moteri yake ni ya 15 kW, fazi tatu, mizunguko 1450 kwa dakika. Fazi moja ilikatika kijana akiwa katikati ya kusaga, moteri ikabaki inanguruma na fazi mbili mupaka moshi ikatoka, sasa bobinaji (waya za shaba za ndani) yote imekuwa nyeusi tiii. Niko na njia tatu: kuko fundi anasema ataibobina upya, kuko moteri ya okazioni (yenye ilishatumika) ya kutoka Ulaya iko kwa mufanyabiashara moja na rangi yake bado muzuri, na kuko mpya kabisa yenye inapitia Kasumbalesa, mupaka wa Zambia, lakini bei yake ni karibu mara mbili ya ile ya okazioni.

Kitu chenye kimenisukuma niandike ni kibao. Kwenye ile ya okazioni wameandika paka kW, volti, ampere, cos φ na IP55, basi. Kwenye ile mpya iko IE3 na kando yake 92,1%. Nikauliza mwenye kuuza ile ya okazioni, akasema IE ni mapambo, moteri ni shaba na chuma na chuma ya zamani njo ilikuwa nguvu. Lakini kijana wetu mwenye anasoma mambo ya umeme anasema Ulaya serikali zilishakataza kuuza moteri kama zile. Kama ni vile, juu ya nini sisi zinatufikia? Serikali yetu haiwezi kuweka sheria ya namna ile? Na hiyo tofauti ya asilimia tatu ao ine ya umeme yenye wanasema iko kati ya IE3 na za zamani, inaonekana kweli kwenye fakitire (bili) ya umeme ao ni maneno ya kuuzia?

fundi_kamalondo

Pole ndugu yangu. Mi kazi yangu ni kubobina kwa hiyo utanisikiliza ukijua nakula wapi, lakini nitakuambia vile iko.

Kwanza kabisa, hata ununue IE ya namna gani, bila relei (kifaa cha kukata umeme moteri ikizidiwa) itaungua tena. Moteri ya 15 kW kwa 380 V inakula karibu ampere 30, relei ya termiki inapaswa kuwekwa kwenye ampere zenye ziko kwenye kibao, siyo juu zaidi "ili isikatekate" sawa vile vijana banapenda kufanya, na tia pia relei ya kuangalia fazi, bei yake ni kidogo sana mbele ya bobinaji moja. Na hata fazi zote tatu zikiwako, kama volti zake hazilingane moteri inateseka: zikitofautiana 3,5% tu joto ya ndani inaweza kupanda robo nzima. Pima fazi zote tatu saa ya mangaribi wakati kila nyumba inapika, njo utajua umeme wenye uko nao.

Sasa kubobina. Ndani ya moteri ile chuma siyo kipande kimoja, ni manjanja (mabati) membamba sana yamepangwa moja juu ya nyingine, na kila moja iko na ngozi nyembamba ya kuizuia isipitishe umeme kwa mwenzake. Fundi mwenye haraka anatia moto wa mbao na mazuti mule ndani ili shaba ya zamani itoke mbio, chuma inakuwa nyekundu, ile ngozi inaungua, kisha manjanja yanaanza kupitishiana umeme na kutoa joto bure kila siku mupaka moteri ikufe. Ukitaka kujua, angalia meno ya stata (ile sehemu yenye haizunguke) kisha kutoa shaba: kama yamefunguka sawa kurasa za kitabu chenye kimenyeshewa, ao yako na rangi ya bulubulu, fundi ameichoma kupita kiasi. Sisi tunaichoma kwenye foro (tanuri) yenye iko na kipimo, tusipite digri 370, tunahesabu mizunguko ya waya na kupima unene wake mbele ya kutupa ya zamani, tunarudisha vilevile. Moteri yenye imebobinwa hivyo haipoteze kitu kikubwa. Mwenye anakuambia kila moteri ya kubobina ni ya kutupa, anatafuta kukuuzia ingine.

ing_likasi

Fundi amesema kweli kabisa, mimi nitajibu upande wa sheria na hesabu, mambo ya moteri nayafanya kila siku kiwandani.

IE ni madaraja ya ufanisi, ni kusema asilimia ya umeme yenye inageuka kazi, yamewekwa na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwenye kiwango 60034-30 cha mwaka 2008 chenye walirudilia 2014. IE1 ya chini, kisha IE2, IE3, IE4. Siyo mapambo, ni vipimo vya maabara na kila ukubwa wa moteri uko na namba yake. Kwa 15 kW ya poli 4 (njo zile za mizunguko karibu 1500 kwa dakika, sawa yako) kwa 50 Hz, IE1 ni 88,7%, IE2 ni 90,6%, IE3 ni 92,1% (njo ile yenye umeona kwenye kibao), IE4 ni 93,9%.

Ile ya okazioni kama haina IE, kuna uwezekano mkubwa ni ya mbele ya hiyo mipango, ihesabu sawa IE1 ao chini yake. Sasa fanya hesabu nami. Ili upate 15 kW kwenye mti (shafti) wa moteri, IE1 inavuta 16,91 kW, IE3 inavuta 16,29 kW, tofauti 0,62 kW. Inaonekana kiloko. Lakini ukisaga saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kama kWh 1.870 zenye unalipa na hazisage hata punje moja, zinakuwa joto tu. Zidisha na bei ya kWh yenye iko kwenye fakitire yako. Na kama siku za delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) unasaga na jenereta ndogo, yenye inatoa karibu kWh 3 kwa litre, ungesaga nayo mwaka muzima tofauti hiyo ni litre kama 600 za mazuti. Hiyo ni kama moteri inafanya kazi karibu na mzigo wake wote, kwa mashini ya kusaga yenye foleni ya wateja njo vile inakuwa. Mwenye anasaga saa mbili kwa siku, atangoja miaka mingi sana kurudisha pesa yake.

Kuhusu Ulaya, kijana wenu alisema kweli lakini haikufanywa siku moja. Kanuni yao ya 640 ya mwaka 2009 ilianza Juni 2011 kudai IE2. Januari 2015 wakapanda IE3 kwa moteri za 7,5 mupaka 375 kW, wakiruhusu IE2 kama iko na variateri (kifaa cha kubadilisha mwendo wa moteri). 2017 wakashuka mupaka 0,75 kW. Kisha kanuni ya 2019/1781 ikaanza Julai 2021: IE3 mupaka 1000 kW, na tangu Julai 2023 zile nyingi za 75 mupaka 200 kW zinapaswa kuwa IE4. Marekani walianza mbele yao na sheria ya 1992 yenye ilishika moteri tangu 1997. China nao tangu Juni 2021 kwa soko yao ni IE3. Sababu ya kuangaika hivyo ni kubwa: IEA, shirika la kimataifa la nishati, ilihesabu 2011 kama mashini zenye zinasukumwa na moteri zinakula 43 mupaka 46% ya umeme wote wa dunia. Hakuna taa wala frigo inafika pale.

Juu ya nini zinatufikia? Juu sheria ya Ulaya inashika kitu kipya chenye kinaingia kwenye soko yao. Moteri yenye imetolewa kiwandani kule haina kazi tena, mutu anainunua kwa bei ya chuma, anaipanga kwenye kontena, inafika hapa inapigwa rangi.

mama_bunga_kenya

Niko na mashini huku Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, nitasema ya mwenye kulipa maana nyinyi ba-ing munapenda hesabu ya mwaka wakati sisi tunalipa kila mwezi. Nilinunua IE3 wakati moteri yangu ya zamani ilikufa, na tofauti kwenye fakitire iko, siyo ya kuruka juu, lakini iko na inarudi kila mwezi. Kitu chenye kilinifurahisha zaidi ni joto: ile ya zamani saa ya mangaribi ulikuwa hauwezi kuweka mukono, hii unaweka unaacha.

Lakini bayaya, kabla ya kulilia sheria muangalie ni nani itamuumiza. Mama mwenye anafungua mashini ya kwanza na pesa ya likelemba (muchango wa kupokezana) hana bei ya IE3, ile ya okazioni njo inamuingiza kwenye kazi. Mukimufungia mulango Kasumbalesa atabaki kusaga kwa wengine. Na bunga ya bukari (ugali) ikipanda bei, ni sisi wote tutasikia.

bukavu_nguruma

Salamu toka Bukavu. Mama naelewa uchungu wako lakini sikubali kama okazioni inamusaidia yule mama. Anainunua nafuu leo na kila mwezi anailipa tena kidogo kidogo kwenye umeme, bila kujua, juu hakuna mutu amemulazimisha muuzaji aandike. Pale njo mi naona serikali ianzie: isikataze kitu kwanza, ilazimishe kibao. Moteri yote yenye inaingia ionyeshe daraja yake, na yenye haina ihesabiwe ya chini kabisa na iandikwe hivyo kwenye fakitire ya kuuzia. OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, tayari inapima bidhaa mipakani, siyo ofisi mpya ya kujenga. Sheria ya umeme tuko nayo, 14/011 ya 17 Juni 2014, na mamlaka ya kusimamia sekta, ARE, ilitoka mule.

Na musiseme ni mambo ya bazungu. Kenya ya Nairobi, siyo Kenya yenu ya hapo Lubumbashi, iliweka kanuni 2016 yenye inagusa moteri za fazi tatu pamoja na mafrigo na taa, na tangu 2022 tuko nao ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Ghana ilikataza kabisa mafrigo ya okazioni kuingia, sheria ya 2008 yenye walianza kuitumia kweli 2013, na walilia sawa vile tunalia hapa.

ing_likasi

Nakubali kuhusu kibao, na niongeze: wangeanza na wakubwa. Pompe ya kutoa maji kwenye mugodi inazunguka usiku na muchana, saa 8.760 kwa mwaka, pale IE4 na variateri zinarudisha pesa mbio. Pompe ao ventilateri ukiipunguzia mwendo mupaka 80% nguvu yenye inavuta inashuka karibu nusu, wakati batu bengi banaacha moteri ikimbie yote na kufunga vana (valvu) nusu. Umeme wenye ungeokolewa kwenye viwanda vya Katanga ungepunguza delestaji huku Katuba na Kenya, mashini ya mama ingekuwa na volti ya kutosha hata mangaribi. Kumudai mwenye kusaga IE3 wakati kiwanda kikubwa hakidaiwe kitu, hiyo siwezi kuitetea.

fundi_kamalondo

Na mafundi muwakumbuke. Sheria ikija iseme pia namna ya kubobina, foro yenye kipimo, kupima chuma mbele ya kuichoma na kisha kuichoma, juu huku moteri nyingi zitaendelea kubobinwa miaka na miaka. Sasa fundi wa kweli na yule wa moto wa mbao wanalipwa bei moja na muteja hana namna ya kututenganisha.

mwana_katuba

Aksanti sana bote. Sisi tunasaga toka asubui mupaka giza, kwa hiyo nimeelekea ile IE3, na relei zote mbili. Ile yenye imeungua nitaileta kwa fundi tuone kama chuma yake bado nzima, ibaki ya akiba. Swali moja: nikiifunga IE3 na puli yangu ya sasa na mikanda ileile, hakuna shida?

ing_likasi

Iko moja ndogo. IE3 haichelewe sana sawa ya zamani ikibeba mzigo, kibao chake kitakuandikia kama 1470 pahali pa 1450. Mashini yako itazunguka mbio zaidi kidogo, 1,4%, na itavuta zaidi kidogo pia. Kwa ventilateri njo shida kubwa, nguvu inapanda 4% na faida inakimbia. Kwa kusaga unaweza kuiacha, lakini kama siku moja utabadilisha puli ya moteri, chukua ndogo kidogo. Tena IE3 inavuta ampere nyingi zaidi wakati wa kuanza, angalia kontakteri (swichi ya kuwasha moteri) na kable kama zinabeba.

fundi_kamalondo

Na mbele ulipe, pima. Toka katikati ya mti mupaka chini ya miguu inapaswa kuwa mm 160, mti wenyewe unene mm 42, njo kipimo cha 160L. Kama muuzaji anakuonyesha 15 kW ya poli 4 yenye mti wake ni mwembamba kupita pale, kibao pengine kinadanganya. Uje nayo ile ya zamani siku ya ine ya juma, foro itakuwa na nafasi.